Wageni wa Kambi Wameanza Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amempeleka mama yake kwa daktari wa magoti, mji wa mbali. Watarudi Jumapili. Kiwanja cha mama mkwe, kule pembezoni mwa mji, kimebaki mikononi mwangu. Akirudi ataamua nani akabidhiwe moja kwa moja: mimi, mkwe mwenye maono, au shemeji, kaka wa mke wangu, mfuga kuku. Kuku! Mtu mzima anaita mitetea kwa majina!

Mimi nina wazo. Watu wa mjini wamechoka na honi. Wamechoka na majirani wa ghorofa ya juu wanaoburuta viti. Wanataka kulala nje, kwenye mahema, na wako tayari kulipia usumbufu huo. Nimelisoma kwenye gazeti kwa kinyozi. Jumapili mama mkwe atakuta kambi imejaa wageni. Atalia kwa furaha. Kiwanja changu!

Jumanne, 4 Machi

Hema la duara limesimama. Wafugaji wa nchi za baridi huzaliwa na kuzeekea humo. Lao ni la manyoya ya kondoo. Langu ni la mazulia chakavu ya ukumbi wa harusi. Ndani joto la tanuri, vumbi tele. Nilikaa kidogo kulijaribu, nikatoka macho mekundu, napiga chafya mfululizo. Fundi cherehani, jirani yetu, akaniuliza kupitia ua nimepatwa na nini. Nikashindwa kumjibu kwa chafya. Akasema pole.

Mlango unatazama barabara kuu. Malori usiseme. Nitawaambia wageni ni maporomoko ya maji.

Jumatano, 5 Machi

Kambi ya kisasa haikamiliki bila gari la kulala. Nimepita gereji zote. Mwishowe dereva mmoja mstaafu ameniazima la kwake. Refu, jeusi, mapazia ya zambarau, na nyuma mtu anajinyoosha vizuri kabisa. Amesema limebeba watu wengi na hakuna aliyewahi kulalamika. Sawa, lilikuwa gari la maiti. Ukiweka godoro na mito miwili, nani atajua?

Ubavuni limeandikwa PUMZIKA KWA AMANI. Nilishika brashi niyafute. Kisha nikajiuliza, mgeni wa kambi anataka nini zaidi ya hicho? Nimeyakoleza rangi.

Gari haliwaki. Limevutwa na trekta, polepole, mtaa mzima ukitazama. Wanaume wakavua kofia. Heshima ya namna hiyo sijawahi kuipata maishani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimefunga turubai kubwa na kupanga viti vya plastiki chini yake, wageni wapunge upepo. Wa kwanza wakafika kwa teksi, bwana na bibi. Bibi akafungua mlango wa gari la kulala, akaona mapazia, akarudi kwenye teksi. Bwana akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha mandhari. Naye akaondoka.

Mchana akaja fundi cherehani na wanawake wenzake wa mtaani. Wote wamejifunga vitambaa vyeusi. Wakakaa vitini, macho mbele. Nikadhani wanaangalia mandhari. Kisha fundi akanishika mkono, akasema mama alikuwa mtu wa watu. Nikakubali kwamba ni mtu wa watu.

Ilichukua muda kuniingia kichwani. Turubai. Viti. Gari jeusi. Mama mwenyewe haonekani tangu Jumatatu, na mimi natoka hemani macho mekundu. Wamemzika mama mkwe wangu!

Nilitaka kuwaambia, haki ya Mungu. Nikageuka, nikaona viti vyote vimekaliwa. Mwenye kambi gani anafukuza wageni? Nikasema asanteni kwa kuja. Hapo uongo uko wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Wameongezeka. Wamekuja na masufuria. Wazee wamesema hawawezi kuniacha peke yangu kwenye wakati mgumu, watalala hapa hapa. Wamejazana kwenye hema la duara. Wanapiga chafya usiku kucha, na walio nje wanadhani ni kilio, nao wanalia. Dereva mstaafu amelala kwenye gari lake, anasema hajawahi kulala pazuri kama hapo. Kambi imejaa! Mimi ni nani?

Jioni akaingia shemeji, anakimbia, kandambili moja mguuni. Nikamwuliza kama amempigia dada yake. Hakuweza, simu ilimtoka mkononi kwa mshtuko ikatumbukia kwenye maji ya kuku. Akajibwaga chini akalia mpaka nikaona vibaya. Nikainama nimnong'oneze ukweli. Midomo nilishaifungua. Kabla sijasema, akaniambia katikati ya kwikwi kwamba ameniachia kila kitu, hataki kugombana tena, kiwanja nichukue mimi.

Nikafunga midomo. Nikampigapiga mgongoni.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ameamua waombolezaji wasilale njaa. Amechinja kuku wake. Wote! Kila mmoja alimuaga kwa jina kabla ya kisu. Kulikuwa na mmoja aitwaye Malkia, huyo alimchelewesha sana. Niliona huruma kidogo. Supu ilikuwa tamu mno.

Mke wangu akapiga simu. Anauliza kwa nini tangu asubuhi watu wanamwambia pole. Nikamwambia ni pole ya safari. Akasema hata aliosoma nao, ambao hawajui kama amesafiri? Nikaanza kusema "halo, halo" nikakata.

Kesho asubuhi nitasema ukweli. Basi lao halifiki kabla ya mchana.

Jumapili, 9 Machi

Basi limefika asubuhi.

Sikujua. Wakati huo nimesimama mbele ya viti nitangaze ukweli. Lakini watu walinitazama kwa huruma sana. Nikaona nianze na sifa kidogo, ukweli uteremke laini. Nikasema mama alikuwa mvumilivu. Wakaitikia. Nikasema alikuwa na jicho la kuona vipaji. Wakaitikia zaidi. Nikanogewa. Nikasema kabla ya kuondoka alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba kiwanja hiki ni changu.

Mstari wa nyuma sauti ikauliza aliniambia lini.

Mama mkwe! Fimbo mkono mmoja, paja la kuku mkono wa pili. Alikuta watu wanakula, akakaa, akala. Kando yake mke wangu, mkoba bado begani.

Sijui aliyeanza kukimbia. Wazee walitoka hemani bila kutumia mlango. Fundi cherehani alijifungia kwenye gari, akasoma maandishi ya ubavuni kupitia dirishani, akatoka kwa mlango wa pili. Mtu mmoja tu alikimbilia kule kwa mama. Shemeji. Alimkumbatia magoti, yale mabovu, akalia upya. Manyoya ya kuku yamemganda kwenye shati. Mama akauliza kuku wako wapi. Akaambiwa.

Alimshika kichwa muda mrefu. Kisha akasema kiwanja ni cha huyu.

Mke wangu amejifungia chumbani tangu asubuhi. Afadhali angepiga kelele. Imeniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala sebuleni. Amri ya mke wangu imekuja kwa karatasi chini ya mlango. Nizunguke mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, nimwambie kila mtu kwa kinywa changu kwamba mama hakufa na kwamba mimi ni mwongo. Nikimaliza, tutazungumza.

Haki yangu. Nimeamka mapema. Nimenyoa ndevu. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo.

Nyumba ya kwanza, fundi cherehani. Kumbe mtaa mzima uko kwake. Hawakunipa nafasi hata ya kusalimia. Wanataka kujua mama alifufukaje. Aliona nini huko? Ni kweli kitu cha kwanza aliomba ni kuku? Mume wa fundi ana mgongo mbovu, anauliza kama akishikwa mkono na mama utapona. Mwingine ametuma habari mpaka mjini, na ndugu zake wote wanakuja kumwona, ila hawana pa kulala.

Neno "hakufa" lilikuwa mdomoni kabisa. Nilivuta pumzi.

Nimewaambia waje kambini Jumamosi, kila mtu na blanketi lake.