Balozi wa Viatu vya Taa

Jumatatu, 4 Machi
Iandikwe na ihifadhiwe: leo saa mbili asubuhi duka langu limepokea viatu vya shule vyenye taa kisiginoni. Binti yangu, darasa la pili, nimemteua Balozi. Nimemkaririsha: “Asiye na taa yuko gizani!” Mke wangu kauliza tangu lini mtoto akawa bango. Nikamjibu biashara haina mjomba. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Mapumziko shuleni, wenye taa wanacheza kivyao. Mama watatu wameletwa dukani na watoto wao, wakivutwa kanga. Fundi viatu wa mlango wa pili kaja kanuna. Binti yake na Balozi walikuwa chanda na pete; jana kaambiwa yuko gizani, karudi analia. Nikamshauri amnunulie taa. Akaniuliza kama nauza viatu au nauza watoto. Wivu huo!

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu kaniita. Darasa liliandika insha, “Mimi ni Nani.” Ya Balozi: “Mimi ni imara. Siingii maji. Napatikana kwa rangi tatu.” Basi. Jina lake hakuandika. Mwalimu alitaka nione haya. Nikaomba nakala nibandike dukani. Akavua miwani, akanitazama bila miwani.

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Taa zimezimika, zote, kama zilizoagana. Betri haibadilishiki. Mama watatu mlangoni, mimi nyuma ya maboksi, chafya imenibana. Imenitoka!
Watoto wa mtaa wamerudi kucheza pamoja. Balozi hakuitwa. Kashinda ukumbini akigonga kisigino sakafuni, huenda kikawaka. Akaniuliza: Baba, sasa mimi nani? Nikamwambia asubiri kidogo, nafikiria.

Jumanne, 12 Machi
Nimefikiria! Viatu vyenye kipenga. Ukikanyaga, vinalia. Nani atathubutu kuwa kimya? Nimeagiza.
Nikamtafuta Balozi nimkaririshe. Nimemkuta kwa fundi viatu, chini, bega kwa bega na mwenzake, wanapaka rangi viatu vya watu, nyuso zimechafuka kwa weusi. Kumbe alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Viatu vyake fundi kang'oa taa, kaweka soli ya kawaida. Nikamwita, “Balozi!” Hakugeuka. Nikaita tena. Mwenzake akanisahihisha kwa adabu kwamba anaitwa kwa jina lake, shikamoo baba.
Vipenga vinafika Alhamisi. Ninahitaji balozi mpya.
Nina mtoto mmoja tu.