Kuhusu Fundi Keneuwe na Gesi ya Chupa Yetu

Kwa Bwana Venter, Meneja,
Kiwanda cha Mabwawa ya Faiba, Vereeniging.

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyama ya kuchoma ya Jumapili imekaa vizuri tumboni. Naandika kwa uchungu kumlalamikia fundi mpya, Keneuwe. Naomba ahamishwe kutoka karakana yetu kabla sijaacha kazi mimi, niliyeanza kupulizia resini mabwawa haya ya kuogelea baba yako akiwa hai.

Ugomvi wetu ni ile chupa ya chuma kwenye pampu, yenye mfuko wa mpira ndani uliojazwa gesi. Kazi yake ni kufanya dawa ya kugandisha resini, ile gundi ya faiba, itoke mfululizo, isitoke kwa kushtukashtuka.

1. Sisi wazee hupima gesi ya chupa pampu ikiwa inafanya kazi. Mshale wa geji unapanda, tunafurahi, tunaendelea. Keneuwe huzima pampu, hufungulia presha yote iishe, ndipo apime. Bila shaka mshale utalala! Hata mimi ukinipima usingizini utasema sina nguvu. Kisha, akiniita Ntate kama mzee wake, akanitangazia mbele ya watu: "Ntate Rampai, siku zote ulikuwa unasoma presha ya pampu. Chupa yenyewe haina kitu." Sijawahi kuvuliwa nguo namna ile.

2. Anadai ndiyo maana mabwawa yangu yana mistari, huku pameungua, huku pananata. Ni kweli lile la mteja wa Sasolburg lilipasuka. Lakini mtu akiogelea hutazama maji, hatazami mistari.

3. Hili ndilo lililonimaliza. Naitrojeni, gesi ya kujazia chupa ile, iliisha. Kwa uzoefu wangu nikaburuta mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji, maana gesi ni gesi. Keneuwe akajitupa mbele ya chupa, mikono ameitanua: "Ntate! Oksijeni na dawa hii? Unataka tulipuke, watuzoe kwa koleo?" Nikageuka ili wenzangu wanitetee, kumbe walikuwa wameshatoka nje, wengine wamefika getini. Nikabaki na mtungi wangu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Niliumia sana, Bwana Meneja.

4. Tangu aijaze chupa yeye, bunduki ya kupulizia resini inapuliza laini mno. Mkono wangu umezoea kurushwarushwa. Sasa narudi nyumbani bila maumivu ya bega, na mke wangu ananiuliza, "We mzee, leo ulishinda wapi?" Fundi huyu anaingilia ndoa yangu.

Kwa hiyo naomba apelekwe stoo akapange glavu, na chupa irudi mikononi mwetu sisi wenye uzoefu, ambao hatuisumbui kwa kuipimapima.

Nisalimie mama mzazi, watoto, wale mbwa wako wawili, na karani wako ambaye haitikii salamu zangu.

Wako mtiifu,
Tsietsi Rampai,
Mpulizaji Mkuu

N.B. Wakati nafunga bahasha, mke wangu Mmathabo amenipigia simu akipiga vigelegele. Amepata nafasi aliyoiomba ya kukandamiza faiba kwa rola, hapa hapa kwetu. Anaanza Jumatatu, na mahali pake pa kusimama ni kando ya chupa ile. Bwana Venter, nakusihi, Keneuwe asiende popote. Na huo mtungi wa oksijeni ufungiwe kwa kufuli, ufunguo nisipewe mimi.