Mimi Ndiye Pradeep

Jumatatu, 8 Oktoba 2007
Jeruto amefutwa kazi! Miaka minne katika duka la simiti la Pradeep, mjini Nakuru, leo kafukuzwa mbele ya wateja. Kosa? Alimwambia mnunuzi simiti imeganda. Binti yangu ana miaka ishirini na tisa na hajajifunza kunyamaza.

Jumatano, 10 Oktoba
Kontrakta mmoja huko Olkaria anatafuta karani wa stoo. Fomu inataka simu ya mwajiri wa zamani. Jeruto ameandika ya Pradeep bila kutetemeka. Mimi nikatetemeka kwa niaba yake. Pradeep akipigiwa, tumekwisha! Nilipotumwa posta, nilifungua bahasha kwa mvuke wa sufuria, nikakwangua nambari ya Pradeep kwa wembe, nikaandika yangu.

Ijumaa, 12 Oktoba
Simu imelia. Ni shemeji, anataka mbegu ya viazi. Nilikuwa nimeshamjibu kwa sauti ya Pradeep. Akauliza kama naumwa koo.

Jumatatu, 15 Oktoba
Wamepiga! Nilikuwa nakamua. Ni mama anayeitwa Nanyama, afisa wa wafanyakazi. Akauliza kama anaongea na mwenye duka. Nikasema ndiye. Ng'ombe akalia. Akauliza ni nini hicho. Nikasema ni mteja.

Nikamsifu Jeruto mpaka jasho likanitoka. Kisha swali lenyewe: mbona aliondoka? Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Aondoke? Huyu hajaondoka! Yuko hapa anapanga misumari. Simwachilii hata kwa bunduki!"

Akasema basi, wao hawanyang'anyi mtu mfanyakazi wake. Akakata.

Jumanne, 16 Oktoba
Jeruto anashinda mlangoni akingoja jibu. Siwezi kumtazama. Gari likipunguza mwendo nje, nadhani ni polisi.

Alasiri likasimama moja. Pradeep mwenyewe! Nikakimbilia zizini. Kupitia ufa nikamsikia akimwambia Jeruto kwamba siku ile hasira ilimzidi. Simiti ilikuwa mbovu kweli. Amemwandikia barua ya kumsifu, ila anashangaa hakuna mwajiri aliyempigia simu kumuulizia.

"Baba!" Jeruto akaita. Akaita tena. Nikatoka na majani kichwani, nikakiri yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Si ungeniuliza, Baba." Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 18 Oktoba
Ameenda Olkaria mwenyewe na barua ya Pradeep. Akasema atamweleza Nanyama kila kitu. Kila kitu! Nilitapika mara mbili nikimngoja. Nikapanga hata nguo za kwenda nazo rumande.

Karudi akitabasamu. Nanyama alikasirika kwanza, halafu akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema mtu anayeweza kueleza ukweli wa aibu kama huo ndiye wa kushika funguo za stoo. Ameandikwa! Miezi mitatu ya majaribio. Kimebaki kikaratasi kimoja tu, mchungaji wetu atie sahihi kwamba ana tabia njema. Jeruto atampelekea Jumapili. Nimeshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti.

Ijumaa, 19 Oktoba
Karatasi iko mezani. Mchungaji wetu ni mzee, husahau. Je, akimchanganya Jeruto na yule Jeruto mwingine aliyetoroka kwaya? Sahihi yake si ngumu, ni mkia mrefu na nukta mbili. Nimeijaribu mara tisa nyuma ya kalenda. Ya tisa haina kasoro.