Penseli Mfukoni, Vepu Sikioni

Leo nimeaibika, jamaa. Si aibu ndogo ya kuvaa shati nje ndani. Ni aibu ya mama mkwe.

Wacha nieleze polepole, maana sitaki kumwonea mtu yeyote, hata mimi mwenyewe (ingawa upande wangu hauna utetezi mwingi).

Mimi ni seremala, natengeneza vitanda na meza pale soko la Gikomba. Nimevuta sigara miaka ishirini na sita. Kwa sababu hiyo mama mkwe hajawahi kukanyaga nyumba yangu hapa Kaloleni tangu nimwoe binti yake. Simlaumu. Alimzika mumewe kwa ugonjwa wa kifua, na sigara ndiyo iliyokiharibu. Akasema hataingia tena nyumba ya mtu anayevuta. Basi kila Desemba mke wangu, Mama Mercy, huenda kwao magharibi na kurudi na salamu tu. Hanung'uniki, lakini mimi namwona.

Siku kumi na moja zilizopita niliacha sigara. Hiyo ni kweli tupu. Lakini niliacha kwa kununua vepu, ile sigara ya kuchaji, kwenye duka la simu kule mtaa wa Tena. Nyembamba kama penseli, na ina taa ndogo ya buluu kwenye ncha. Ladha ya ndizi. (Nilitaka ya tumbaku, muuzaji akasema imeisha. Labda ilikuwa imeisha kweli.) Mama Mercy akampigia mama yake simu: "Ameacha sigara." Hakudanganya. Ila hakuendelea na maelezo.

Mama akasema anakuja. Leo Jumamosi, saa sita, pamoja na shangazi wa mke wangu. Mapazia yakafuliwa, kuku akachinjwa. Mama Mercy aliniomba kitu kimoja tu: nikifungie kile kidude kabatini mpaka wageni waende. Nikakubali.

Saa tano na nusu nilikuwa nyuma ya nyumba, nakaza mguu wa meza uliokuwa ukicheza, mama asije akamwagikiwa chai. Mkono wa kushoto penseli. Mkono wa kulia (nakiri) vepu. Nilijiambia moja tu, ya kutuliza moyo. Chaji ilikuwa inaelekea kuisha, ile taa inawakawaka.

Nikavuta. Nikasikia nyuma yangu, "Hodi hapa."

Mama mkwe. Amefika mapema, Shangazi nyuma yake, tena amepitia upande wa jikoni kama watu wa kwetu wanavyopenda.

Sasa mikono yangu ina mazoea yake. Kilicho kulia huenda nyuma ya sikio, kwa sababu huko ndiko penseli hukaa. Kilicho kushoto huenda mfukoni. Na ndivyo mikono ilivyofanya, haraka, bila kuniuliza. Moyoni nikaamini nimeficha vepu nikabaki na penseli. Ilikuwa kinyume. Mvuke nikaumeza. (Unashuka kama uji wa moto.)

Kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Nikainamisha kichwa kwa heshima, na nadhani hapo ndipo alipoiona ile taa. Akanitazama kwa muda. Uso wake ukajaa huruma.

"HUJAMBO, BABA MERCY," akasema, neno moja moja, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Nikafikiri, maskini, mama hasikii vizuri, na hakuna aliyeniambia. Kwa heshima nikapaza na mimi: "SIJAMBO, MAMA! KARIBU SANA!"

Tukaingia ndani tukipiga kelele. Akaniuliza habari za kazi, nikamjibu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikamuuliza habari za mvua, akanijibu na mikono, akiigiza matone. Shangazi alikuwa katikati yetu kwenye kochi, kaziba sikio moja kwa adabu. Mama Akoth, jirani wa ukuta kwa ukuta, akachungulia dirishani kuuliza kama tuko salama.

Mama Mercy akaleta chai. Aliponiona akasimama kama amekanyaga msumari. Akagusa sikio lake. Nikamkonyeza. Akaligusa tena, akalivuta. Nikadhani hereni imempotea.

Mama akamgeukia, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mbona hukuniambia mume wako amepoteza masikio? Mtu mdogo hivi, na tayari anavaa chombo cha kusikia."

Nikapeleka mkono sikioni. Kitu laini. Tena kina joto. Penseli haina joto, jamaa.

Hapa ndipo nilipokosea kweli. La kwanza lilikuwa bahati mbaya. Hili la pili nilifanya mwenyewe, kwa akili zangu. Nikasema, "Mashine za mbao zina kelele, mama." (Ni kweli zina kelele. Lakini mnajua na mimi najua.)

Mama akaweka kikombe chini. Akasema hawezi kunywa chai kabla sikio halijaombewa. Yeye kama mkwe hawezi kunigusa, basi akamtuma Shangazi. Shangazi akaja na kiganja kizito, akanibandika kichwani, akaomba kwa nguvu zote masikio yafunguke. Kila alipotaja kufunguka alinisukuma. Msukumo wa tatu vepu ikachomoka, ikapita mbele ya pua yangu, ikatumbukia kwenye kikombe cha mama.

Sijui maji huifanya nini ile vepu, lakini iliwaka yenyewe. Chai ikaanza kutokota mezani bila jiko. Mvuke ukapanda, nyumba nzima ikanukia ndizi mbivu.

Shangazi akasema amina. Kisha akafungua macho.

Mama akaiopoa kwa kijiko. Akainusa. Mara hii aliongea kwa sauti ya chini kabisa. "Baba Mercy. Hiki si cha sikio."

"Si cha sikio, mama. Masikio yangu ni mazima. Sigara nimeacha siku kumi na moja, hicho ndicho navuta mahali pake. Kina nikotini ile ile, sitakuficha. Nilipaswa kusema mapema. Na Mama Mercy aliniambia nikifungie, sikumsikiliza."

Mama akavuta mkoba wake akauweka magotini. Mama Mercy alikuwa ameshika sinia, macho kwenye ule mkoba. Miaka yote hiyo ya kumngoja mama yake, na sasa anaondoka bila hata kumaliza kikombe. Nilitamani kweli nisingekuwa nasikia.

Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungia vepu ndani na kuirudisha yote mkobani.

"Marehemu alinificha miaka kumi na mitano," akasema. "Alikuwa akivuta nyuma ya choo, kisha akitafuna majani ya mpera kuua harufu. Hajawahi kusema mwenyewe hata siku moja. Wewe umechukua dakika ishirini." Akasukuma kikombe mbele. "Niletee chai nyingine, hii ina ndizi. Hiki kidude naenda nacho. Na mwezi ujao nitakuja kuona kama umenunua kingine."

Mwezi ujao! Mama Mercy akakimbilia jikoni na kikombe. Nilimsikia kule akicheka au akilia, sikwenda kuuliza.

Mama amekula kuku, amesifu mapazia, na ile meza haikucheza hata kidogo. Wageni walipoondoka nikapita kibandani ninakonunulia sigara siku zote, nikitaka maziwa. Mama Akoth alikuwa ameshanitangulia na habari kwamba nimekuwa kiziwi. Mwenye kibanda akanitazama kwa huzuni, akaniinulia vidole: sigara moja au mbili? Nikatikisa kichwa, nikaonyesha pakiti ya maziwa. Hata sikumrekebisha.

Kwa hivyo naomba msinicheke. Mkishindwa, basi chekeni polepole. Nasikia vizuri sana.