Koti Jekundu Mashindanoni

Alhamisi, 14 Novemba

Bado siku mbili tu. Jumamosi shule zote za sekondari za jiji la Tainan zinashindanisha roboti pale chuo kikuu. Mwalimu Tseng wa shule pinzani, niliyesoma naye darasa moja, kabeba kombe miaka mitatu mfululizo. Mitatu! Kila mara ananipa mkono: "Pole, Kuo. Mwakani tena, ndugu yangu." Safari hii hanipati. Nimenunua koti la bahati. Jekundu mpaka linaumiza macho.

Ijumaa, 15 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Roboti yetu inaokota mipira myekundu na kuitia kikapuni. Safi kabisa! Ila Yi-hsuan, nahodha wetu, binti mwenye ulimi mkali, kanitazama kuanzia kola mpaka pindo. "Mwalimu, hilo koti kesho liache nyumbani. Mashine inafuata rangi." Nikamwambia nimeanza kufundisha fizikia yeye hajaota meno. Akasema sawa, lakini roboti haijui hayo. Watoto wa siku hizi!

Jumamosi, 16 Novemba

Fedheha. Filimbi ikalia. Roboti ikaokota mpira mmoja, ikageuka, ikaniona pembeni ya uwanja. Ikaacha mipira yote ikanijia mimi! Nikarudi nyuma, ikaongeza mwendo. Ikabana pindo la koti, ikaanza kunikokota kikapuni mbele ya watu mia nne.

"Vua, Mwalimu! Vua!" Yi-hsuan alipiga kelele. Zipu ikakwama. Aliyekuja kunichomoa, kama mtoto wa chekechea, ni nani? Tseng! Na pole zake!

Mwamuzi akanitoa nje. Nikakaa kwenye ngazi na chai yangu ya kopo, nasikia vifijo nisijue vya nani. Watoto wamehangaika na ile mashine tangu Machi.

Halafu Yi-hsuan akatoka mbio, machozi yanamtoka. Nikajua tumekwisha. Kumbe raundi mbili zilizobaki wameshinda! Kombe letu! "Njoo tupige picha, Mwalimu. Koti liache hapo hapo."

Jumatatu, 18 Novemba

Nimetafakari. Tseng alipokuja kuniokoa, timu yake ilibaki bila kocha. Nani alimtoa pale? Mimi! Mbinu safi, ingawa sikuipanga.

Mkuu wa shule kaniomba niwahutubie walimu wote Ijumaa. Mada: faida ya kuwasikiliza wanafunzi. Nimeandika kurasa kumi na moja. Yi-hsuan kaomba aipitie hotuba kwanza, eti ni ndefu mno.

Nimemkatalia. Mtoto atajua nini?