Jinsi Roda wa Lurambi Alivyoikataa Bei ya Mashine

Tegeni masikio, enyi watu wa Lurambi! Nanyi mkatao miwa kule Kabras, tueni panga zenu kidogo. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye mtoto mtundu ampe kiazi anyamaze. Nasimulia vita vya Roda, mama yake Shantel, mwekahazina wa vikundi vitatu, mwanamke asiyepangishwa foleni mara mbili, na jinsi alivyotwaa pesa kutoka tumboni mwa ukuta katika nchi ya ugeni.

Habari ilifika Jumamosi: Shantel, aliyeolewa Mbale, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, amejifungua binti. Kuku wa mzazi huletwa na mama yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwetu, na nyanya aingiaye mikono mitupu husemwa mpaka mtoto aote meno. Basi alfajiri ya Jumapili Roda aliondoka na ingokho mwekundu kapuni, kuku aliyemlea tangu kifaranga.

Jirani yake Awinja alimsihi abebe pesa taslimu.

"Za nini?" Roda akajibu, akiinua kadi yake ya benki kama ngao. "Hii inafanyanga kazi dunia nzima."

Ole, mpakani kuku alikosa karatasi za kusafiria! Roda, aliyewahi kuwanyamazisha madiwani wawili kwa mkupuo mmoja, hakuishinda sheria ile. Akamwachia kuku mama mmoja muuza mahindi, akamtazama kuku wake jicho kwa jicho mara ya mwisho, akavuka.

Mbale alipokewa na mkwewe Oliver, fundi wa pikipiki, mrefu na mpole. Alipokewa kutoka upande wa pili wa barabara, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawabanani mahali pamoja.

"Mama, karibu! Habari za Lurambi?"

"Wazima! Kuku amebaki mpakani. Nioneshe mashine ya pesa!"

"Mama, si ninunue tu mimi..."

"Koma! Kuku wa mzazi anunuliwe na wewe? Nitarudi nyumbani na uso gani?"

Chumba cha mashine kilikuwa chembamba kama choo cha shule: mtu mmoja na mkoba wake, basi. Oliver akajificha nyuma ya lori la saruji, akaupa mgongo uwanja wa vita, kofia hadi puani. Mlangoni alisimama askari Mgisu, mwenyeji wa huko, ambaye kwao pia mkwe humkwepa mama mkwe. Akalitazama lori, akamtazama mama, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Kukhu," akasema, kwa kuwa nyanya huitwa hivyo pande zote mbili za mpaka, "wewe pigana. Maneno nitapeleka mimi."

Roda akaingia. Akaisukuma kadi, mashine ikaitema. Akaigeuza, ikaimeza. Akabonyeza namba ya siri chini ya mkoba, malaika wenyewe wasione, kisha akaandika elfu tatu na mia tano. Mashine ikakataa kwa mlio wa dharau.

"Kukhu, hizo ni hesabu za Kenya," askari akamwambia toka mlangoni. "Hapa hupati hata unyoya. Andika laki moja."

Laki moja! Huko Lurambi laki moja ni fahali mzima mwenye nundu! Kidole kilichokwisha kutia sahihi mahari ya mabinti wawili kilifika sifuri ya nne, kikaiogopa ya tano. Kikabonyeza.

Hapo adui akatoa hila yake kuu. Kiooni yakatokea maneno: mashine itambadilishia pesa kwa bei yake yenyewe. Anakubali au anakataa?

Askari akatimua mbio hadi kwenye lori. Sauti ikanguruma nyuma ya saruji: "Mwambie mama akatae! Akikubali itamlalia! Benki yake ya Kakamega itabadilisha kwa bei nafuu!"

"Nikikataa si itafuta yote na kula kadi?" Roda akapaza sauti.

"Haifuti, mama! Inakujaribu tu!"

"Wewe mkwe, usigeuke!" askari akafoka, maana kofia ilikuwa imeanza kuzunguka.

Mashine ikauliza kama anahitaji muda zaidi. Akiteleza hapa, ataingia kwa bintiye na kapu tupu. Lakini neno lile, inakujaribu, lilimwingia Roda damuni. Alikuwa amesimama mbele ya wachuuzi wa soko la Kakamega miaka thelathini, na hajapata kununua hata fungu la nyanya kwa bei ya kwanza.

"Bei ya kwanza?" akaiambia mashine. "Mimi? Unanijua wewe?"

Akakataa.

Tumbo la ukuta likasaga kama kinu cha posho, likatoa kadi, likatoa noti, kavu na zilizonyooka. Askari akapiga saluti. Nyuma ya lori Oliver akapiga makofi, mgongo ungali umegeuzwa.

Kufikia saa kumi alasiri kuku mkubwa wa Mbale alikuwa ameiva, Shantel akinywa mchuzi, mjukuu akilala, na Oliver akila mapaja ya kuku nje, kwenye benchi la spana, kwa heshima zote. Na iandikwe, isimuliwe mpaka Bukura: siku ile Lurambi iliingia Uganda, na Uganda ikashusha bei!

Jioni Awinja akapiga simu. "Haya, kadi ilifanya kazi?"

"Kadi ilikaa tu humo ndani," Roda akasema. "Kazi nilifanya mimi."