Lalamiko Dhidi ya Daktari Aliyeikataza Chai Yangu

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Kama una mgonjwa mbele yako mmalize kwanza, kusubiri mimi nakujua. Kwenye benchi lenu la kijani nimesubiri mpaka najua lina misumari mingapi. Mimi ni mama wa yule binti fundi cherehani mwenye ugonjwa wa uvimbe na vidonda vya utumbo, aliyewekewa dripu ya madini ya chuma wiki sita zilizopita. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika, wewe soma nilichotaka kusema.

Malalamiko yangu ni juu ya daktari wenu wa matumbo, yule msichana mwenye viatu visivyolia. Nimeyapanga kwa namba ili asije akasema hakuelewa.

1. Amenipokonya kazi. Tangu binti yangu alipoanza kutoka damu chooni, mpima damu wa nyumba ile nilikuwa mimi. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, namvuta kope la chini kwa kidole gumba, natazama. Kukiwa kwekundu namwacha. Kukiwa kweupe naongeza kitu. Miezi kumi na moja kulikuwa kweupe, nami miezi kumi na moja niliongeza. Maini, mboga za majani, na kila kitu chekundu kilichopita sokoni kiliishia tumboni mwake. Daktari wenu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, umejitahidi sana, lakini vidonda vinavuja kuliko unavyojaza." Umejitahidi! Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtoto aliyeshika mkia darasani.

2. Chai. Zahanati walitupa vidonge vya kuongeza damu, kikopo kizima, wakasema nendeni. Hakuna aliyetuuliza tutavimeza na nini. Kwa akili yangu mwenyewe nikaona kidonge kile ni kigumu, kitamkwaruza mtoto utumbo. Basi nikawa nampa na chai nzito ya maziwa, kikombe kikubwa. Na kwa kuwa nampenda, kidonge kimoja cha kutwa nikakifanya vitatu. Daktari akaniuliza mbele ya benchi zima, "Anavimeza na nini, mama?" Nikamjibu kwa fahari. Akaweka kalamu chini. Eti chai inakikamata chuma kisiingie kwenye damu. Eti vitatu havizidi kimoja, mwili ukijaziwa unafunga mlango. Eti kwa utumbo uliovimba namna ile, hata hicho kimoja kingepenya kwa taabu, kazi yake kubwa ingekuwa kumsokota tumbo. Yaani mwaka karibu mzima nilikuwa nakisindikiza chuma kwenda chooni, kwa maziwa na sukari. Mheshimiwa, kuna mambo mtu mzima huambiwa pembeni.

3. Karatasi. Tulikuwa na karatasi nzuri kabisa ya vipimo. Nimeitia kwenye nailoni isilowe. Imeandikwa kwamba akiba ya chuma mwilini mwa binti iko sawa, na tabibu wa zahanati akatufafanulia, "Chuma anacho, aache kujidekeza." Tukarudi nyumbani na amani zetu. Daktari wenu akaitazama mara moja tu, akasema namba ile inadanganya, maana uvimbe wa utumbo peke yake huipandisha. Akasema ni kama ghala lililofungwa kwa kufuli: ukichungulia dirishani unaona magunia, lakini watu wa nyumba wanalala njaa. Akaagiza vipimo vingine. Kweli chuma kinachotembea kwenye damu kikawa hakuna, na wingi wa damu ukawa saba, mahali pa kumi na mbili. Sasa nauliza kwa heshima zote. Kwa karatasi yetu, binti yangu alikuwa mvivu mwenye afya. Alipofika kwenu akawa mgonjwa. Aliyemtia ugonjwa ni nani?

4. Amewaaibisha watu wazima. Wifi yangu, yaani shangazi wa binti, alikuwa na dawa yake: "Huyu aolewe, atachangamka." Ameitoa kila Jumapili, tena bila kuombwa, na sote tulikuwa tumeshaizoea. Fundi mkuu wa karakana anakoshona binti naye alikuwa na yake. Wanashona sare za shule, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili nimezihesabu. Alimkuta binti ameegemeza kichwa juu ya cherehani, akamwambia, "Bibie, hapa si gesti." Siku binti alipoanguka juu ya meza ya kukatia, mkasi ukiwa wazi kidole kimoja tu kutoka kwenye sikio lake, fundi mkuu alimpa muda mpaka shule zifunguliwe. Akiendelea hivyo, cherehani apewe mwingine. Na binti yangu bila cherehani ile, sijui awe nani. Basi shangazi alikuwa na jibu, fundi alikuwa na jibu, tabibu alikuwa na jibu, na majibu yote yalikubaliana vizuri. Akatokea msichana na sindano yake akawafanya wote watatu wajinga. Wanne, ukinihesabu na mimi.

5. Dripu yenyewe. Nilikuja nimejiandaa kulazwa naye siku tatu: blanketi, ndoo, kandambili, chupa ya chai. Ikaisha kabla maharage niliyoyaacha nyumbani hayajaiva. Tukakalishwa nusu saa nyingine wamwangalie asije akawashwa au kubanwa kifua, kisha tukaambiwa, haya, nendeni. Na yale maji, Mheshimiwa! Nimeyaona kwa macho yangu yakishuka kwenye mpira, rangi yake ni ya chai kavu isiyo na maziwa. Yangu imepigwa marufuku, yao inapita mshipani! Muuguzi akaniuliza, "Sasa mama unalia nini?" Nikamwambia ni vumbi. Chumba kile hakina vumbi, mnakipiga deki kila saa. Hilo nalo ni lalamiko, mtu hana hata pa kusingizia.

6. Tabia ya mtoto. Wiki iliyopita damu imefika kumi na moja na nusu, na adabu imeshuka kwa kiasi hicho hicho. Anaimba bafuni. Asubuhi anafunga mlango kwa komeo nisimguse kope. Jumapili shangazi yake alipoanza mambo ya kuolewa, akamwambia, "Shangazi, na wewe kapimwe, naona unarudia maneno." Nikamkaripia, huku nimegeukia ukutani nisionekane meno. Miezi kumi na moja hakuwa na nguvu ya kumjibu mtu. Alikuwa mtoto mpole, ukimwita anaitika baada ya muda, ukimpa chakula anakitazama. Nilizoea kumsikiliza usiku kama anapumua. Sasa anakoroma.

7. Haiishi. Nilidhani tumemaliza. Daktari anasema ghala halijajaa, Jumanne tuje kwa mfuko wa pili, la sivyo damu itaanza kushuka tena, cherehani na ngazi viwe shida upya. Tena anasema vidonda vyenyewe vitibiwe kwa dawa zake kila siku bila kuruka, kwa sababu kumwongezea chuma na kuviacha vivuje ni kujaza ndoo iliyotoboka. Na hata akiwa mzima, kila miezi mitatu apimwe. Ndiyo kusema mimi na benchi la kijani tumeoana.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Jumanne hatuji, jina letu mlifute. Binti arudishwe mikononi mwangu. Daktari ahamishiwe mahali pasipokuwa na akina mama. Kabla hajaondoka apite jikoni kwangu aliombe radhi birika, na mimi niwepo. Na kwenye faili iandikwe kwamba katika zile namba nne na nusu zilizoongezeka, mbili ni za maini yangu, yalichelewa tu njiani. Msipotekeleza, nitakuja kukaa mlangoni kwako, na kukaa nimeshakwambia nakujua.

Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia ndoo. Nisalimie muuguzi aliyeupata mshipa mara ya kwanza, yule mwenye mikono ya baridi. Msalimie mama wa usafi, mwambie sakafu yake naipenda pamoja na yote niliyosema. Wa nyumbani kwako wote wasalimie, hata nisiowajua.

Ni mimi, mwenye hasira na heshima,

Mama wa Binti Fundi Cherehani

N.B. Barua hii niliimaliza jana. Leo mchana nikampelekea binti chakula karakana, nia yangu aitie barua sahihi. Alishuka kunipokea, akanitoa sufuria mkononi, akapanda mbele yangu ngazi zote hamsini na mbili huku anaongea. Anaongea, Mheshimiwa! Mimi nilikaa kwenye ya kumi na tisa, macho yameingia giza. Akarudi akikimbia, akachuchumaa, akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, vile vile ninavyofanya mimi. Akavuta na la jicho la pili. Kisha akauliza, "Mama, yale maini ulikuwa unanipa yote?"

Basi Jumanne msilifute jina. Tuandikeni wawili. Yule msichana asihamishwe popote kabla hajaniona, na akihamishwa nitajua ni wewe. Birika nimempa wifi. Chai sijaigusa tangu mchana na kichwa kinagonga kama cherehani, lakini hilo daktari msimwambie, asije akafurahi.